Kulegezwa kwa udhibiti wa usafirishaji wa mizigo kwa malori nchini Marekani

Kulegezwa kwa udhibiti wa usafirishaji wa mizigo kwa malori nchini Marekani ni mfululizo wa mabadiliko ya kisheria ulioondoa mamlaka ya serikali ya kuamua nani anaruhusiwa kubeba mizigo ya watu kwa lori, abebe mizigo gani, apite njia ipi na atoze bei gani. Hatua kuu ilikuwa Sheria ya Wachukuzi wa Magari ya mwaka 1980, iliyotiwa saini na rais Jimmy Carter tarehe 1 Julai 1980. Mabadiliko yalianza miaka michache kabla ya sheria hiyo, nayo yalikamilika tarehe 31 Desemba 1995 ilipofungwa Tume ya Biashara baina ya Majimbo (kwa kifupi ICC), chombo kilichosimamia sekta hii kwa miaka 60.

Ni vema kutofautisha tangu mwanzo aina mbili za udhibiti. Udhibiti wa kiuchumi unahusu leseni za kuingia sokoni, njia na bei. Udhibiti wa usalama unahusu breki, uzito wa gari, saa za dereva na bima. Kilicholegezwa ni ule wa kwanza. Ule wa pili ulibaki, na katika mambo kadhaa uliongezwa makali. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili na kudhani kwamba baada ya 1980 barabara za Marekani zilibaki bila sheria.

Asili ya udhibiti

ICC iliundwa mwaka 1887 kwa ajili ya kuzidhibiti kampuni za reli, ambazo katika sehemu nyingi za nchi hazikuwa na mshindani. Malori hayakuwemo kwa kuwa hayakuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia barabara ziliboreshwa, malori yakawa na nguvu zaidi, na kufikia miaka ya 1920 yalianza kuzinyang'anya reli mizigo ya thamani kubwa na safari fupi.

Mdororo Mkuu ulioanza mwaka 1929 uliharakisha mambo. Mtu aliyepoteza kazi kiwandani aliweza kununua lori kwa mkopo na kubeba mzigo kwa bei yoyote iliyomwezesha kujaza tangi na kula. Reli zililalamika, na kampuni kubwa za malori pamoja na wasimamizi wa majimbo wakalalamika pia. Joseph Eastman, kamishna wa ICC aliyekuwa mratibu wa uchukuzi wa serikali kuu, aliishawishi serikali kwamba ushindani huo ulikuwa wa kuangamizana. Tarehe 9 Agosti 1935 rais Franklin D. Roosevelt alitia saini Sheria ya Wachukuzi wa Magari, iliyoyaweka malori yanayovuka mipaka ya majimbo chini ya ICC.

Hoja ya Eastman ilikuwa na nguvu kwa wakati ule, lakini haikuwa imara. Reli inahitaji mtaji mkubwa mno wa kutandika njia, kwa hiyo ukiritimba ni hatari ya kweli. Lori linatumia barabara ya umma. Anayelimiliki moja anaweza kushindana na anayemiliki mia. Sheria iliyotungwa kuzuia ukiritimba wa reli ilihamishiwa kwenye biashara ambayo kwa maumbile yake haina ukiritimba, na matokeo yake ikaulinda ule uliozaliwa na sheria yenyewe.

Jinsi udhibiti ulivyofanya kazi

Wachukuzi walioweza kuthibitisha kwamba walikuwa kazini kabla ya tarehe 1 Juni 1935 walipewa vibali kwa haki ya utangulizi. Wengine wote walitakiwa kuthibitisha kwamba huduma yao ilihitajiwa na umma. Wenye vibali vya zamani walikuwa na haki ya kupinga maombi yao, na kwa kawaida walipinga. Ikiwa kampuni tatu tayari zilihudumia njia fulani, mwombaji wa nne aliulizwa kwa nini hizo tatu hazitoshi. Kwamba angetoza bei nafuu zaidi haikuwa sababu ya kukubaliwa. Mara nyingi ilikuwa sababu ya kukataliwa.

Kibali kilieleza kwa undani bidhaa na njia. Kampuni iliyoruhusiwa kubeba mzigo kutoka mji A kwenda mji B haikuwa na ruhusa ya kurudi na mzigo kutoka B, isipokuwa kibali kilisema hivyo. Kampuni iliyounganisha vibali viwili ililazimika kupitisha lori kwenye mji ambapo vibali hivyo vilikutana, hata kama ilimaanisha kuzunguka mamia ya kilomita. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kufikiria lori linalopeleka vifaa vya migodi Lubumbashi kutoka bandari ya Dar es Salaam, kisha linakatazwa kurudi na shaba kwa sababu karatasi yake haitaji shaba. Gharama ya safari tupu ingelipwa na mwenye mzigo wa kwenda. Ndivyo ilivyokuwa Marekani.

Kwa kuwa vibali vilikuwa adimu, vilipata thamani. Viliuzwa na kununuliwa kati ya kampuni kwa mamia ya maelfu ya dola, na benki zilivikubali kama dhamana ya mkopo.

Bei nazo hazikupangwa na soko. Wachukuzi wa eneo moja walikutana katika ofisi za pamoja za kupanga bei, wakakubaliana, kisha wakaziwasilisha ICC. Kwa sheria za ushindani za Marekani jambo hilo lingekuwa kosa, lakini mwaka 1948 Bunge lilipitisha Sheria ya Reed-Bulwinkle iliyowapa kinga. Rais Harry Truman aliipinga kwa kura ya turufu, na Bunge likaishinda turufu yake.

Jaribio la kuku

Sheria ya 1935 ilikuwa na tundu moja kubwa: mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa hayakudhibitiwa. Wakulima walikuwa na sauti bungeni. Kutoka hapo ukazaliwa mlolongo wa kesi kuhusu nini ni zao na nini ni bidhaa ya kiwandani. Maziwa yalikuwa zao, siagi haikuwa. Je, kuku aliyechinjwa, akanyonyolewa na kugandishwa bado ni zao la shamba?

Mwaka 1956 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya East Texas Motor Freight Lines dhidi ya Frozen Food Express, ilijibu kwamba ndiyo. Ghafla kuku wakawa nje ya udhibiti, huku bidhaa nyingine zilizobebwa kwa malori ya aina ileile ya barafu zikibaki ndani. Wachumi hawapati mara nyingi jaribio safi kama hilo. Wizara ya Kilimo ilipolinganisha gharama za kusafirisha kuku kabla na baada ya hukumu za mahakama za miaka hiyo, ilikuta zimeshuka kwa takriban theluthi moja, na huduma haikuzorota. Matunda na mboga zilizogandishwa, ambazo nazo zilipata uhuru, pia zilishuka bei, ila mwaka 1958 Bunge lilizirudisha chini ya udhibiti. Kwa maoni ya wengi, takwimu hizo za kuku zilifanya kazi kubwa kuliko nadharia yoyote katika mjadala uliofuata miaka 20 baadaye.

Mjadala wa miaka ya 1970

Mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 ndio uliofanya suala la malori kuwa la kisiasa. Rais Gerald Ford alipendekeza mageuzi mwaka 1975 bila mafanikio. Seneta Edward Kennedy aliendesha vikao vya hadhara vilivyoonyesha jinsi vibali vilivyotumika. Mwaka 1978 usafiri wa ndege uliachiwa huru, na nauli zake zikashuka. Mfano huo ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

Kambi zilizokutana zilikuwa za ajabu kidogo. Upande wa mageuzi walisimama wenye viwanda, wenye maduka makubwa, wanauchumi wa soko huria, na pia Ralph Nader, mtetezi wa walaji asiyejulikana kwa urafiki na wenye viwanda. Upande wa pili walikuwa American Trucking Associations, umoja wa wamiliki wa malori, pamoja na Teamsters, chama cha wafanyakazi ambacho kwa kawaida kilivutana nao. Wote wawili walinufaika na mfumo: kampuni zilipata bei za uhakika, na chama kiliweza kudai sehemu ya bei hizo kama mishahara. Chini ya kiongozi wake Jimmy Hoffa, mwaka 1964 Teamsters ilifikia mkataba mmoja wa nchi nzima uliohusu wafanyakazi wapatao 400,000.

Upinzani ulivuka mipaka ya halali. Roy Williams, aliyekuwa rais wa Teamsters, alitiwa hatiani Desemba 1982 pamoja na wenzake kwa kula njama ya kumhonga seneta Howard Cannon wa Nevada kwa kumwezesha kupata kiwanja Las Vegas kwa bei ya upendeleo, ili aukwamishe muswada. Cannon hakushtakiwa, na muswada wenyewe ulipita.

Wakati huohuo ICC yenyewe, chini ya makamishna walioteuliwa na Carter, ilianza kutoa vibali kwa wingi kabla sheria haijabadilika. Wapinzani waliona kwamba wasipokubali sheria, tume ingeendelea bila mipaka yoyote.

Sheria ya 1980

Sheria haikufuta udhibiti kwa siku moja. Iligeuza mzigo wa uthibitisho: mwombaji alitakiwa kuonyesha kwamba anaweza kazi na kwamba huduma yake ina manufaa, na sasa wapinzani ndio waliotakiwa kuthibitisha kwamba angeudhuru umma. Kupungua kwa mapato ya kampuni zilizokuwepo hakukutosha tena kuwa sababu. Masharti ya njia za kuzunguka na bidhaa finyu yaliondolewa. Mchukuzi aliruhusiwa kupandisha au kushusha bei kwa asilimia 10 kwa mwaka bila kuingiliwa, na kinga ya kupanga bei pamoja ilipunguzwa hatua kwa hatua. Carter alisema kwamba walaji wangeokoa hadi dola bilioni 8 kwa mwaka.

Sheria hiyohiyo iliweka kiwango cha chini cha bima: dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, na hadi dola milioni 5 kwa bidhaa za hatari zaidi. Kiwango cha 750,000 hakijapandishwa tangu wakati ule, ingawa thamani ya dola imepungua sana na gharama za matibabu zimepanda. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1980, Sheria ya Staggers ililegeza udhibiti wa reli, kwa hiyo malori yalipata uhuru pamoja na mshindani wao.

Athari kwa bei na huduma

Bei za kusafirisha mzigo wa lori zima zilishuka kwa takriban robo kati ya 1977 na 1982, baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Kwa mizigo midogo inayochanganywa katika lori moja, punguzo la asilimia 10 hadi 20 lilikuwa la kawaida. Sehemu ya kushuka huko lazima ihesabiwe kwa mdororo wa uchumi wa 1981–1982, uliopunguza mizigo, lakini bei hazikurudi juu uchumi ulipopona.

Faida kubwa zaidi pengine haikuwa katika bei. Kampuni za uchukuzi zilianza kuahidi siku na saa ya kufikisha mzigo, jambo ambalo chini ya udhibiti halikuwa na malipo ya ziada. Viwanda na maduka viliacha kurundika bidhaa ghalani na kuanza kuagiza kidogokidogo kwa wakati unaotakiwa. Gharama zote za kusafirisha na kutunza bidhaa nchini Marekani zilikuwa karibu asilimia 16 ya pato la taifa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa karibu asilimia 10. Riba ndogo na kompyuta vilichangia pia, ila bila malori ya kutegemewa ghala isingeweza kupunguzwa.

Kulikuwa na hofu kwamba miji midogo ingeachwa bila huduma, kwani watetezi wa udhibiti walisema faida ya njia kubwa ndiyo iliyogharamia njia ndogo. Tafiti za baada ya 1980 hazikuona kuachwa huko.

Athari kwa kampuni

Mwaka 1980 wachukuzi wenye vibali vya ICC walikuwa chini ya 20,000. Mwaka 1990 walizidi 40,000. Wengi walikuwa wadogo sana, lori moja au matano.

Vibali vya zamani, vilivyogharimu fedha nyingi, vilikosa thamani mara moja. Kampuni zililazimika kuvifuta katika vitabu vya hesabu kama hasara. Aliyekuwa ametumia kibali kama akiba ya uzeeni alibaki na karatasi.

Hapa inafaa kuelewa kwamba biashara ya malori ni mbili. Ya kwanza ni ya lori zima: mzigo wa mteja mmoja unapakiwa mahali pamoja na kushushwa mahali pamoja. Anayeingia anahitaji gari na dereva tu. Ushindani ulikuwa mkali, na ndani yake zikakua kampuni mpya kubwa zisizo na chama cha wafanyakazi, kama J.B. Hunt ya Arkansas na Schneider ya Wisconsin. Schneider ilikuwa ya kwanza kufunga mawasiliano ya setilaiti ya Qualcomm katika malori yake, mwaka 1988, J.B. Hunt mwaka 1989 iliingia ubia na reli ya Santa Fe kubeba matela juu ya mabehewa, jambo ambalo mtu wa malori wa kizazi kilichotangulia asingelifikiria.

Ya pili ni ya mizigo midogo, inayohitaji vituo vya kukusanya, kupanga na kusambaza katika miji mingi. Hiyo haiingiliki kwa urahisi. Kampuni zake kongwe, nyingi zikiwa na mikataba ya Teamsters, zilitarajiwa kustawi, lakini nyingi zilianguka moja baada ya nyingine. Consolidated Freightways ilifunga milango Septemba 2002, na watu zaidi ya 15,000 wakapoteza kazi. Yellow, iliyomnunua mshindani wake Roadway mwaka 2003 na kubeba madeni makubwa, ilisimamisha kazi Julai 2023 ikiwa na wafanyakazi wapatao 30,000, licha ya mkopo wa dola milioni 700 kutoka serikalini mwaka 2020. Je, huko nako ni athari ya 1980? Kwa sehemu. Uongozi uliofanya ununuzi wa kupita kiasi una fungu lake, na wapo washindani wa Yellow wenye historia ndefu ambao bado wanapata faida.

Mgogoro wa bei zilizowasilishwa

Kipindi hiki husahauliwa, ingawa ni somo zuri la hatari ya kubadilisha nusu ya sheria. Baada ya 1980 wachukuzi waliruhusiwa kujadiliana bei na wateja, lakini wajibu wa kuwasilisha bei ICC haukufutwa, na sheria ilisema bei halali ni ile iliyowasilishwa pekee. Kwa haraka ya ushindani, wachukuzi wengi walikubaliana punguzo na mteja bila kulipeleka tume.

Tuseme bei iliyowasilishwa ilikuwa dola 1,000, mteja akakubaliwa dola 600, akalipa. Mchukuzi akafilisika. Mfilisi, ambaye kazi yake ni kukusanya kila senti kwa ajili ya wadai, alipekua vitabu, akaona pengo la dola 400, akamdai mteja. Zidisha hilo kwa maelfu ya safari na kwa kampuni nyingi zilizokufa.

ICC ilijaribu kuwalinda wateja kwa kusema kudai hivyo si haki. Suala lilifika Mahakama Kuu katika kesi ya Maislin Industries dhidi ya Primary Steel, iliyohusu karibu dola 188,000. Tarehe 21 Juni 1990 mahakama iliamua kwamba maadamu Bunge halijafuta sharti la kuwasilisha bei, tume haina mamlaka ya kulipuuza. Madai yakafurika. Wateja waliokuwa wamelipa ankara zao zote kwa uaminifu walijikuta mahakamani kwa mizigo ya miaka mingi iliyopita. Bunge lilitunga sheria ya nafuu Desemba 1993, iliyoruhusu madai mengi kumalizwa kwa asilimia 15 au 20 ya kiasi kilichodaiwa na kuwasamehe kabisa wafanyabiashara wadogo na mashirika ya hisani.

Kukamilika

Mgogoro huo uliwashawishi wengi kwamba kubakiza mabaki ya mfumo wa zamani kulikuwa kubaya kuliko kuufuta. Agosti 1994 sharti la kuwasilisha bei liliondolewa kwa sehemu kubwa, na sheria nyingine ya mwezi huohuo ikayakataza majimbo kudhibiti bei, njia na huduma za malori ndani ya mipaka yao kuanzia 1 Januari 1995. Hadi hapo, majimbo mengi yalikuwa bado na udhibiti wao, na mara nyingine kusafirisha mzigo ndani ya jimbo moja kulikuwa ghali kuliko kuuvusha jimbo la pili. Mwaka 1996 kazi chache zilizosalia za ICC zilichukuliwa na Bodi ya Uchukuzi wa Nchi Kavu, na bodi hiyo ndiyo iliyomaliza kinga ya kupanga bei pamoja mwanzoni mwa 2008.

Athari kwa madereva

Mwishoni mwa miaka ya 1970 takriban asilimia 60 ya madereva wa kampuni za kukodiwa walikuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa chini ya asilimia 30. Mwanauchumi Nancy Rose alionyesha mwaka 1987 kwamba pengo kati ya mshahara wa dereva mwenye chama na asiye na chama, lililokuwa karibu asilimia 50 wakati wa udhibiti, lilipungua kufikia chini ya asilimia 30. Hitimisho lake ni kwamba sehemu kubwa ya faida ya ukiritimba ilikuwa ikienda kwa wafanyakazi, si kwa wamiliki peke yao.

Michael Belzer, aliyewahi kuwa dereva wa lori kabla ya kuwa mwanauchumi, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2000, Sweatshops on Wheels. Kwa hesabu yake, mapato halisi ya madereva yalishuka kwa takriban asilimia 30 kati ya 1977 na 1995. Wapo wanaomjibu kwamba mishahara ya wafanyakazi wa kiume wasio na shahada ilishuka katika sekta nyingi za Marekani kipindi hicho. Ni kweli, ila kushuka kwa madereva kulikuwa kukubwa zaidi ya wenzao wengi.

Namna ya kulipa ina uzito kuliko kiwango chenyewe. Dereva wa safari ndefu hulipwa kwa maili. Akisubiri saa tano kwenye ghala hadi apakiwe, mara nyingi saa hizo hazina malipo, au zina malipo madogo. Tena sheria ya kazi ya mwaka 1938 iliwatoa madereva wa malori katika haki ya malipo ya ziada kwa saa zinazozidi 40 kwa wiki, na msamaha huo bado upo. Wakati wa udhibiti, mkataba wa chama uliziba pengo hilo kwa kulipia kusubiri. Mkataba ulipoondoka, pengo lilibaki wazi, na mwenye ghala hana sababu ya kuharakisha kitu asichokilipia.

Ndiyo maana kampuni kubwa za lori zima huonekana daima zikitafuta madereva. Kwa miaka mingi kiwango cha madereva kuacha kazi katika kampuni hizo kimekaribia au kuzidi asilimia 90 kwa mwaka. Umoja wa wamiliki huita hali hiyo uhaba wa madereva. Wachunguzi wengi wa soko la kazi hawakubaliani na neno hilo, kwa hoja kwamba watu wenye leseni wapo, ila hawakai.

Kundi jingine ni madereva wanaomiliki lori lao na kulikodisha kwa kampuni. Baadhi ni wafanyabiashara hodari. Wengine wamenunua lori kutoka kwa kampuni ileile inayowapa kazi, wakikatwa kila wiki deni, mafuta na bima, na wiki mbaya huisha bila chochote mkononi. Steve Viscelli, mwanasosiolojia aliyefanya kazi ya udereva ili kuichunguza, ameieleza mikataba hiyo katika The Big Rig (2016). Katika bandari za Los Angeles na Long Beach madereva wengi wa makontena wako katika hali hiyo, na mvutano juu ya kama ni waajiriwa au wafanyabiashara umefika mahakamani mara nyingi.

Upande wa pili wa sarafu usiachwe. Wakati wa udhibiti, kazi nzuri za safari ndefu zilifungwa kwa wengi. Katika kesi ya Teamsters dhidi ya Marekani ya mwaka 1977, Mahakama Kuu ilikubali kwamba kampuni moja kubwa iliwabagua Wamarekani weusi na wale wa asili ya Kilatini kwa kuwanyima kazi hizo na kuwaacha na zile za mjini zenye malipo madogo. Baada ya 1980 mlango ulifunguka, na sehemu ya madereva weusi iliongezeka. Baadaye wahamiaji wengi waliingia, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki. Katika Minnesota na Ohio kampuni ndogo za malori za Wasomali ni jambo la kawaida. Waliingia katika kazi iliyokuwa wazi kwao kwa sababu ilikuwa imeshuka malipo, na pia ilishuka malipo kwa sababu ilikuwa wazi.

Pensheni

Athari moja ilichukua miaka 40 kuonekana yote. Madereva wa Teamsters wa majimbo ya kati walichangia mfuko wa pensheni uitwao Central States, ambao waajiri wengi walishiriki kwa pamoja. Kila mwajiri aliyefilisika aliacha wastaafu wake kwenye mfuko, na waliobaki wakawabeba. Kufikia miaka ya 2010 michango iliyoingia ilikuwa ndogo mno kulinganisha na malipo yaliyotoka. Mwaka 2015 mfuko uliomba ruhusa ya kupunguza pensheni za watu waliokwisha kustaafu. Wizara ya Fedha ilikataa ombi hilo Mei 2016. Mwishowe, Desemba 2022, serikali kuu iliupa karibu dola bilioni 36 ili wanachama wapatao 350,000 walipwe walichoahidiwa. Katika hesabu za faida na hasara za sheria ya 1980, zilizofanywa mapema, gharama hii haimo.

Usalama

Ilitabiriwa kwamba ushindani ungewafanya wamiliki wapuuze breki na matairi. Kwa jumla, kiwango cha ajali za vifo zinazohusisha malori makubwa kwa kila maili kilipungua kwa takriban nusu kati ya 1980 na 2000. Barabara bora, magari bora, mikanda na vita dhidi ya ulevi vilisaidia, na ajali za magari madogo nazo zilipungua. Sheria ya 1986 ilizuia dereva kuwa na leseni za majimbo kadhaa ili kuficha makosa yake.

Uchovu ndio tatizo lililobaki. Kwa miongo mingi dereva aliruhusiwa kuendesha saa 10 mfululizo kabla ya mapumziko, na tangu 2004 saa 11. Saa hizo ziliandikwa kwa mkono katika daftari ambalo madereva wenyewe waliliita kitabu cha katuni. Tangu Desemba 2017 wengi wao wanatakiwa kutumia kifaa cha elektroniki kilichounganishwa na injini. Kifaa kinahesabu mwendo kwa usahihi, lakini hakibadilishi ukweli kwamba aliyepoteza saa tano ghalani hulipwa pale tu magurudumu yanapozunguka.

Nchi nyingine

Marekani haikuwa ya kwanza. Uingereza iliondoa vibali vya idadi kwa sheria ya 1968, ikabaki na leseni zinazoangalia ubora wa mwendeshaji. Mexico ilifuata mwaka 1989. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 1998 mchukuzi wa nchi mwanachama anaweza kubeba mizigo ya ndani ya nchi nyingine mwanachama kwa muda na kwa masharti, na baada ya nchi za Ulaya ya Mashariki kujiunga mwaka 2004, malalamiko juu ya mishahara ya madereva yalifanana sana na yale ya Marekani.